Mjumbe wa kawaida ana sauti gani katika mkutano mkuu wa chama wa jimbo la Minnesota?

Mkaazi wa Brooklyn Park

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, ambako sisi tuliotoka Kenya tumekuwa wengi, na mwaka 2024 mzaliwa mwenzetu, Huldah Momanyi Hiltsley, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Mwaka huu nilihudhuria mkutano wa mtaa wa chama cha DFL, ambacho ndicho chama cha Democratic hapa kwetu, pamoja na akina mama wenzangu tunaowahudumia wazee majumbani. Tulipeleka azimio la kutaka vyeti vya wauguzi waliosomea nje ya Marekani vitambuliwe kwa utaratibu ulio mwepesi zaidi, nalo likapita bila upinzani mkubwa.

Katika mkutano wa wilaya ya seneti tuliambiwa tugawanyike ukumbini kwa makundi, kila kundi na bango lake, ili kila moja lipate wajumbe kulingana na idadi ya watu wake. Kundi letu la watoa huduma lilikuwa dogo mno kupata hata mjumbe mmoja, ikabidi tuungane na kundi la vyama vya wafanyakazi, na baada ya mazungumzo marefu nikachaguliwa mimi kwenda mkutano mkuu wa jimbo. Tangu siku hiyo simu haipumziki. Watu wa kampeni hii na ile wananiuliza nitampa nani kura, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu azimio letu.

Ninachotaka kujua kutoka kwa waliowahi kwenda ni hiki: je, mjumbe asiye na cheo wala fedha huamua jambo lolote huko, au mambo huwa yamekwisha kupangwa na sisi tunaitwa kujaza viti? Tena, ni busara kujifunga kwa mgombea mmoja mapema, au nibaki huru hadi mwisho?

Mstaafu wa St. Paul

Dada, hongera kwa kuchaguliwa. Mjumbe wa kawaida ana sauti, lakini sehemu kubwa ya sauti hiyo hutumika kabla jina la mgombea yeyote halijatajwa jukwaani. Mkutano ukishafunguliwa, hupokea taarifa ya kamati inayohakiki wajumbe, kisha hupitisha kanuni za mkutano wenyewe. Kanuni hizo ndizo zinazoamua mgombea mwenye kura chache ataondolewa katika duru ya ngapi, hotuba zitakuwa za dakika ngapi, kura zitapigwa kwa karatasi au kwa njia ya kielektroniki, na ni wakati gani mjumbe anaruhusiwa kutoa hoja kwamba chama kisimwidhinishe mtu yeyote. Kwa kuwa mgombea anahitaji asilimia 60 ya kura za wajumbe ili aidhinishwe, yaani atangazwe kuwa mgombea anayeungwa mkono rasmi na chama, kifungu kimoja kinachoonekana kidogo kinaweza kumfungulia mtu njia au kumzibia. Wajumbe wengi wapya, saa hiyo ya kanuni, huwa bado wako kwenye foleni ya kahawa.

Mfano ninaopenda kuutoa ni wa chama ambacho mimi si mfuasi wake. Mwezi Februari 2012 Warepublican wa Minnesota walipiga kura ya maoni kuhusu mgombea urais usiku wa mikutano ya mitaa. Rick Santorum akashinda waziwazi na Ron Paul akashika nafasi ya pili kwa mbali. Kura ile haikuwafunga wajumbe hata kidogo. Wafuasi wa Paul walilijua hilo, kwa hiyo wengine walipokwisha kupiga kura na kwenda nyumbani, wao walibaki vyumbani hadi ajenda ya mwisho, wakajitokeza kugombea ujumbe, wakarudia hivyo hivyo katika ngazi za wilaya, na ulipofika mkutano mkuu wa jimbo mjini St. Cloud mwezi Mei, ukumbi ulikuwa wao. Kati ya viti 40 vya Minnesota katika mkutano wa taifa uliofanyika Tampa, walichukua 32. Mtu anaweza kuchukia siasa zao, lakini hawakuvunja kanuni yoyote. Walikuwa wamezisoma tu, na wenye chama walikuwa wameacha kuzisoma kwa sababu walidhani wanazijua.

Kwa hiyo kabla ya kupokea simu nyingine ya kampeni, omba rasimu ya kanuni na uisome yote pamoja na wenzako.

Msukuma wa Duluth

Mzee wa St. Paul ameeleza vizuri, ila amekatisha hadithi mahali pazuri. Watu wale wale wa St. Cloud walimwidhinisha Kurt Bills, mwalimu wa sekondari aliyekuwa mbunge wa jimbo, agombee Seneti ya Marekani. Mwezi Novemba akashindwa na Amy Klobuchar kwa tofauti ya zaidi ya asilimia 30. Kuuteka ukumbi na kukubalika kwa wananchi ni mambo mawili, na dada yetu anapaswa kulijua hilo kabla hajatumia siku zake za mapumziko.

Kwa upande wa DFL hali si tofauti sana. Mwaka 2010, hapa hapa Duluth, wajumbe walimwidhinisha Margaret Anderson Kelliher kugombea ugavana. Mark Dayton hakuutafuta uidhinisho huo kabisa, akaenda moja kwa moja kwenye mchujo wa mwezi Agosti, yaani kura ya wananchi ya kumpata mgombea wa chama, akamshinda, na hatimaye akawa gavana. Mwaka 2018, mjini Rochester, wajumbe walimchagua Erin Murphy, ambaye ni muuguzi kwa taaluma. Mchujo ukampa ushindi Tim Walz. Katika mkutano ule ule mwanasheria mkuu wa jimbo, Lori Swanson, alishindwa kufikisha asilimia 60 katika duru ya kwanza, akajitoa, na uidhinisho ukaenda kwa Matt Pelikan, wakili ambaye watu wengi hata hawakuwa wamemsikia. Agosti ilipofika wapiga kura wakampa nafasi Keith Ellison, ambaye aliingia kinyang'anyironi baada ya mkutano kwisha.

Nyumbani Tanzania, baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020, msemo uliovuma mitaani ulikuwa "wajumbe si watu", kwa maana ya kwamba walikula kiapo kwa kila mgombea na kisha wakampa kura mwingine. Hapa wajumbe wanaahidi kidogo zaidi na wanatimiza zaidi, nakiri, lakini kasoro ya mfumo ni ile ile: watu wachache wenye muda wa kukaa ukumbini mchana kutwa wanawasemea wengi walio kazini. Mama mwenye zamu mbili atafikaje Rochester kwa siku tatu?

Na kama utaratibu ukiharibika, hata ushindi wa halali unaweza kufutwa. Mwezi Julai 2025 mkutano wa DFL wa jiji la Minneapolis ulimwidhinisha Omar Fateh kugombea umeya; mwezi uliofuata chama cha jimbo kikaubatilisha uidhinisho huo kwa sababu ya kasoro katika upigaji kura wa kielektroniki. Wajumbe waliokaa pale hadi usiku walibaki mikono mitupu.

Bibi wa Northfield

Ndugu Msukuma, mifano yako yote ni ya kweli, lakini umeichagua upande mmoja. Hapa Northfield alikuwapo Paul Wellstone, profesa wa Chuo cha Carleton, ambaye hakuwa na fedha za kushindana na mtu yeyote. Miaka mingi kabla ya kugombea alikuwa akizunguka na wakulima waliotishiwa kunyang'anywa mashamba na wafanyakazi waliogoma, na watu hao ndio waliojaza mikutano ya mitaa na wilaya hadi akaidhinishwa na DFL mwaka 1990. Kisha akashinda mchujo, na Novemba akamwondoa Seneta Rudy Boschwitz aliyekuwa madarakani. Bila uidhinisho ule, magazeti yangemtaja kama mtu wa pembeni tu. Kwa mgombea tajiri, mkutano mkuu ni hatua anayoweza kuiruka. Kwa mgombea maskini, mara nyingi ndiyo hatua pekee ambapo miguu ya watu inahesabiwa kabla ya fedha.

Kuhusu mama mwenye zamu mbili, kilio hicho ni cha haki, ila sheria ya Minnesota inamsaidia kidogo. Mfanyakazi anayekwenda mkutano wa mtaa, na vilevile mjumbe anayekwenda mkutano mkuu, ana haki ya kutokuwapo kazini bila kuadhibiwa, mradi amtaarifu mwajiri kwa maandishi siku 10 kabla. Mshahara wa saa hizo anaweza kukatwa, na hilo ni pigo kwa wanaolipwa kwa saa. Kwa sababu hiyo, vikundi vyenye akili huchangisha nauli na malazi ya wajumbe wao mapema.

Naomba pia tusiseme kama kwamba kanuni hizi zilishuka kutoka mbinguni au zilitungwa na wakubwa peke yao. Mwaka 1964 Waafrika wa Marekani wa jimbo la Mississippi walijaribu kuingia mikutano ya mitaa ya chama cha Democratic, wakakuta milango imefungwa, au mahali pengine wakanyimwa kura. Wakaunda chama chao, Mississippi Freedom Democratic Party, wakafuata ngazi zote kama kanuni zilivyotaka, kuanzia mtaa hadi kaunti hadi wilaya, na tarehe 6 Agosti wakafanya mkutano mkuu wao wa jimbo mjini Jackson na kuchagua wajumbe wa kwenda Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa taifa wa Democratic. Fannie Lou Hamer, mwanamke aliyekuwa kibarua wa mashamba ya pamba, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya kuhakiki wajumbe, na Rais Lyndon Johnson akaitisha waandishi wa habari ghafla ili kamera zimwache. Waliotumwa kutafuta maafikiano walikuwa watu wa Minnesota: Hubert Humphrey, aliyekuwa akitarajia umakamu wa rais, na Walter Mondale, mwanasheria mkuu wetu wa wakati huo. Walichoweza kuwapa ni viti viwili tu, tena visivyo vya Mississippi, nao wakavikataa. Hata hivyo chama kiliahidi kwamba mwaka 1968 hakitapokea ujumbe wa jimbo lolote linalobagua, na kweli mwaka ule, katika mkutano wa taifa mjini Chicago, ujumbe wa kawaida wa Mississippi ulikataliwa na Hamer akakaa ukumbini.

Baada ya Chicago iliundwa tume ya kubadili namna wajumbe wanavyopatikana, ikiongozwa na George McGovern na baadaye na mbunge wetu Donald Fraser. Tangu hapo mikutano ya kuchagua wajumbe ilipaswa kutangazwa hadharani, na vyama vya majimbo vikatakiwa kuwapa nafasi wanawake, vijana na watu weusi. Mama mhudumu wa wazee kutoka Brooklyn Park anakwenda mkutano mkuu leo kwa sababu watu waliofungiwa mlango walishikilia kanuni hadi zikapindwa upande wao.

Msukuma wa Duluth

Bibi, shikamoo. Habari za Mississippi nazikubali bila ubishi. Bado nasema mchujo wa wazi ni wa haki zaidi kuliko mkutano, kwa sababu unachukua dakika chache na hauhitaji mlezi wa watoto. Lakini sitamwambia dada asiende.

Mkaazi wa Brooklyn Park

Nawashukuru sana, hasa kwa habari ya siku 10, maana wenzangu wawili ambao ni wajumbe wa akiba walikuwa wameshaambiwa na msimamizi wao kwamba hawana ruhusa. Limebaki lile swali langu la pili, kuhusu kujifunga mapema, na pia sielewi azimio letu litafikaje mbele ya mkutano.

Mstaafu wa St. Paul

Maazimio ya wilaya zote hupitia kwanza kwenye kamati inayoyachuja na kuyaunganisha yanayofanana, na hapo ndipo mengi yanapopotea, si ukumbini. Andikieni wanakamati sasa hivi, mkitaja kwamba azimio lilipita mtaani na wilayani, na mtafute wilaya nyingine zilizopitisha jambo la namna hiyo ili maneno yenu yasimezwe na ya wengine. Likifika kwa wajumbe, litahitaji nalo asilimia 60 ili liingie katika ilani. Ilani haimlazimishi mbunge kisheria, lakini Huldah Momanyi Hiltsley au mbunge mwingine akitaka kuleta mswada, ni rahisi kwake kusema kwamba chama kimekwisha kuukubali.

Kuhusu kujifunga, mimi ningebaki huru, lakini si kimya. Katika duru ya kwanza kampeni zina uhakika na watu wao. Kuanzia duru ya pili, mgombea akiwa na asilimia 54 na saa zikienda, kila mjumbe huru hutafutwa kama maji ya kisima kiangazi. Hapo ndipo unapomwomba atamke hadharani msimamo wake kuhusu vyeti vya wauguzi, na si katika simu za sasa ambazo hazina shahidi. Mkiwa wajumbe huru kumi kutoka wilaya tofauti, mkakaa pamoja, mgombea mwenyewe atakuja kwenye viti vyenu.

Waambie na wale wawili wa akiba waje wote na wajiandikishe mapema. Wajumbe wengi huondoka jioni kabla ya duru za mwisho, na viti vyao hujazwa na wajumbe wa akiba waliopo ukumbini wakati huo.