Kuhama Phoenix kwenda Iowa na mama mkwe mzee: waliohama kweli, nishaurini

Mama Riziki, Phoenix

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliohama wenyewe, siyo wa kusikia kwa jirani.

Tuko Phoenix tangu Novemba 2016. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, watu wanne: mimi, mume wangu, Riziki akiwa bado mgongoni, na mama mkwe. Tulifika usiku. Asubuhi jua linawaka, mbingu haina wingu hata moja. Mama mkwe akatoa kiti, akaketi nje ya mlango, akanyoosha miguu akasema, "Hapa magoti yangu yatapona." Na kweli, alikuja na fimbo, baada ya mwaka fimbo ikawa ya kwenda nayo kanisani tu. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie Phoenix ni mji mbaya. Umetulea. Wawili wadogo wamezaliwa hapa, CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, nimesomea hapa, na nina tuta langu la lengalenga (mchicha) ambalo watu watatu wa jengo letu wanakula kwalo.

Lakini kiangazi kimenishinda. Waliokuwa hapa 2023 wanakumbuka: siku 31 mfululizo, kila mchana joto lilifika nyuzi 110 za Farenhaiti au kupita, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi, kipimo cha nyumbani. Usiku 16 mfululizo halikushuka chini ya 90. Kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu watu 645 waliokufa kwa sababu ya joto mwaka ule. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, hizo habari kwangu si za kwenye simu.

Mwaka jana mwezi wa saba, Ijumaa jioni, AC yetu ikazima. Ofisi ya apatimenti ikasema fundi atakuja Jumatatu. Alikuja Jumatano. Tulilala wote sebuleni kwenye vigae. Niliweka barafu kwenye beseni, nikaloweka vitenge, nikamfunika mama mkwe kwanza, kisha watoto mmoja mmoja. Nikifika kwa mtoto wa tatu, kitenge cha mama kimeshakauka. Narudi kwake, naanza tena. Ilikuwa hivyo usiku kucha. Siku ya tatu nikamgusa mama shingoni, ngozi inawaka na haina jasho hata tone, naye anamwita dada yake aliyebaki Uvira, anamwambia alete ndoo. Hapo sikungoja mtu. Nilimpeleka hospitali, akalala siku mbili. Daktari alisema tungechelewa jioni ile tu, angeongea mengine.

Tangu hapo kila nikisikia AC inabadilisha sauti, naamka.

Kaka yangu yuko Des Moines, huko Iowa, miaka sita. Kila Jumapili anapiga simu: njooni, nyumba ni nafuu, kazi zipo, Wakongo na Warundi tele, ibada ni kwa Kiswahili. Mume wangu anasema niamue mimi, yeye kazi ya ghala ataipata popote. Mkataba wetu wa nyumba unaisha Mei 31.

Ninaogopa haya: magoti ya mama kwenye baridi. Cheti changu cha CNA, kama kitakubaliwa. Fomu ya uraia ya mama, bado hatujaituma. Na Riziki, ambaye akisikia neno Iowa anatoka mezani.

Kuna na jambo jingine, nilieleze tu. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka tisa, mama yangu aliniamsha usiku tukapanda mtumbwi kuvuka Tanganyika, sikujua tunakwenda wapi. Mwaka 2016 jina letu lilibandikwa kwenye ubao, tukaambiwa Arizona; sikuwahi hata kulisikia neno hilo. Hii ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kuhama kunaningoja mimi niseme ndiyo au hapana. Nilidhani itakuwa rahisi zaidi. Usingizi sipati.

Baba Neema, Des Moines

Dada yangu, pole sana kwa mama. Nimesoma habari ya vitenge mara mbili.

Mimi nilitoka Phoenix Desemba 2019 na familia nzima kwenye gari moja. Nianze na kosa langu, lisije likawa lako. Kule Phoenix nilikuwa naongeza maji ya bomba kwenye rejeta, maana hakuna kinachoganda. Tukapita Flagstaff, Albuquerque, tukaja kulala Wichita. Asubuhi gari haliwaki. Fundi akafungua boneti, akanionyesha: maji yamekuwa jiwe, na ubavuni mwa injini kuna ufa unaoingia ukucha. Gari likaishia pale pale Kansas, tukamaliza safari kwa basi na mizigo nusu. Kabla ya kutoka, mwambie fundi amwage maji yote aweke kulanti ya baridi, ile dawa isiyoganda, na apime betri. Betri ya Phoenix huwa imeshachoshwa na joto, ikikutana na baridi inakufa. Njia ni zaidi ya maili 1,400, usiifanye kwa siku mbili ukiwa na mama. Na usihame Desemba kama mimi. Mkataba wako unaisha Mei, huo ni wakati mzuri.

Makaratasi sasa. Kila jimbo lina rejista yake ya CNA. Usiache kazi kabla hujapiga simu Iowa kuuliza wanataka nini ili wakuhamishie cheti. Mke wangu alifanya hivyo akiwa bado Phoenix, na hakukaa bila kazi. Medikeidi (bima ya afya ya serikali) na fudistempu (msaada wa chakula) havihami na wewe: unafunga kesi ya Arizona, unaomba upya huku, na katikati kuna siku za kungoja. Chukua dawa za mama za mwezi mzima. Fomu ya uraia, mkiituma mkiwa Arizona kisha mkahama, mnaripoti anwani mpya ndani ya siku 10 na faili linahamia ofisi ya huku. Mkihama kwanza, lazima akae Iowa miezi mitatu ndipo atume. Ningekuwa wewe ningetuma sasa.

Kuhusu kazi, kaka yako hakudanganyi, ila asikuambie nusu. Wengi wetu tulianzia viwanda vya nyama. Ni kazi ya kusimama kwenye ubaridi na kisu, vidole vinakaza mpaka usiku. Na si ya milele: kiwanda cha nguruwe cha Perry, mji mdogo karibu na hapa, kilifungwa Juni 2024, watu kama 1,300 wakabaki bila kazi, na ndugu zetu walikuwemo. Wewe una CNA, usiingie huko.

Baridi ipo kweli. Januari 2024 tulikaa siku kadhaa chini ya sifuri ya Farenhaiti, na theluji juu. Unavuta pumzi, pua inashikana. Lakini ndani ya nyumba ni joto, na kodi ninayolipa kwa vyumba vitatu ni dola 1,250. Nunua viatu na makoti huku, usinunue Phoenix. Kuna miiba ya mpira inayovalishwa juu ya kiatu ili usiteleze. Mnunulie mama kabla ya kitu chochote.

Furaha_85, Phoenix

Mimi nilikwenda nikarudi, kwa hiyo nisikilize na mimi.

Tulihamia Cedar Rapids, huko huko Iowa, na mama yangu mzazi, tukakaa miezi kumi na minne. Kazi nilipata na nyumba ilikuwa nzuri. Kilichonishinda ni giza. Hapa Arizona hatugusi saa zetu; kule Novemba wanarudisha saa nyuma, na ikifika Desemba, kabla ya saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Mama yangu alizoea kukaa nje na wenzake wakichambua sombe (kisamvu) na kuongea. Kule alikaa dirishani. Alianza kuuliza saa, "Sasa ni asubuhi au jioni?" Mwezi wa pili akatoka kutupa takataka, akateleza, nyonga ikavunjika. Hatua saba kutoka mlangoni. Nimezihesabu.

Joto la hapa linaua, sibishi. Lakini kwa mzee barafu nayo ni adui, na mtu wa kukaa naye mchana ni dawa. Huko Des Moines, wewe na mumeo mkienda kazini, mama atakaa na nani?

Mzee Bahati, Glendale

Wanangu, nimesoma yote.

Mama Riziki, kwanza haki yako. Ndani ya mji wa Phoenix sheria inasema nyumba ya kupanga yenye AC, mwenye nyumba lazima aweze kuipoza mpaka nyuzi 82 au chini yake. Ikitokea tena, piga picha ya kipimajoto ikiwa na tarehe, andika barua kwa ofisi, na piga simu manispaa siku hiyo hiyo. Usingoje Jumatano. Hata kama mnahama Mei, joto linaanza kabla.

La pili. Umetuuliza sisi. Umemuuliza kaka yako, umemuuliza mumeo, umetuambia Riziki anatoka mezani. Lakini mama mwenyewe umemuuliza? Katika maandishi yako yote sijaona alichosema. Mimi nina miaka 71. Wanangu walikaa chumba cha pili wakapanga kunihamisha Texas, nikawasikia kupitia ukuta. Sikukataa Texas. Niliumia kwa ule ukuta.

Mama Riziki, Phoenix

Mzee Bahati, asante. Ulinigusa mahali penyewe. Nilikuwa naona namlinda kwa kutomwambia, aliposikia Arizona kule kambini hakula siku mbili.

Jana sikwenda shifti ya pili. Nilimkuta nje kwenye kiti chake, nikaketi chini nikamweleza yote: AC, kaka, baridi, giza la Novemba, hata nyonga ya mama yake Furaha sikuificha. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza mambo mawili. La kwanza, nyumba ya kaka ina ngazi ngapi. La pili, huko Des Moines kuna wamama wa Fizi na Uvira wanaokutana mchana, au wote wako kazini.

Nikampigia kaka hapo hapo, nikampa simu mama aulize mwenyewe. Kumbe ngazi ni kumi na nne. Kaka miaka sita ananiambia njooni, ngazi hakuwahi kuzitaja. Mama akamwambia, "Tafuta ya chini, halafu tuongee." Kuhusu wamama, yupo mmoja jengo la pili, ni mtu wa Fizi, waliishi kijiji kimoja cha kambi. Waliongea dakika arobaini. Nilimwachia simu nikaenda kupika.

Tumekubaliana hivi. Fomu ya uraia tunaituma wiki hii. Januari mimi na yeye tunakwenda kwa ndege, siku kumi, katikati ya baridi yenyewe, akae kwa yule mama mchana nione anavyoamka na anavyolala. Riziki anakuja nasi. Alisema hataki, bibi yake akamwambia atahitaji wa kumshika mkono kwenye barafu, akaenda chumbani kutafuta soksi. Tukirudi, mama atasema. Akisema hapana, nitatafuta apatimenti nyingine hapa hapa kabla ya Mei, yenye AC ya kuaminika, hata kama ni mbali na kazi.

Furaha, swali lako la nani atakaa naye mchana nimeliandika kwenye karatasi, liko kwenye friji.

Baba Neema, hiyo miiba ya mpira inauzwa wapi, na ina saizi? Mama anavaa namba 7, mguu wa kushoto umevimba kidogo.

Baba Neema, Des Moines

Mchukulie saizi ya kati, inavutika. Usinunue, nitampitishia kaka yako mbili, moja ya mama na moja ya Riziki.