MJADALA: Wauguzi wafundishwe tiba asili na huduma jumuishi vyuoni, au tuache kama ilivyo?

Mleta mada (mkufunzi wa ukunga, Tanga)

Wadau habari zenu. Naleta jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, na naomba tulijadili bila kutukanana.

Mwanafunzi wangu wa stashahada alikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Akapokea mama wa mimba ya tatu, kaletwa na wifi yake, njia imefunguka sentimita nne. Uchungu ulikuwa unakuja mfululizo, zaidi ya mara tano ndani ya dakika kumi, mama hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka. Kijana akaangalia patogramu, ile chati ya kufuatilia uchungu, akaangalia mkono wa mama: hakuna dripu, hakuna oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, iliyowekwa. Sasa uchungu wa namna ile umetoka wapi?

Alipoinama kutafuta kanga safi kwenye beseni la mama ndipo akaiona chupa ya maji ya nusu lita, imefungwa kwenye kitambaa, ndani kitu cheusi kama chai iliyokaa sana kwenye moto. Robo tu imebaki. Akauliza, wifi akajibu, "Maji tu hayo." Sista wa zamu akaja, akamfokea wifi mbele ya wagonjwa wote, akaimwaga chupa kwenye sinki.

Mama alipelekwa upasuaji, na namshukuru Mungu yeye na mtoto walitoka salama. Lakini asubuhi nilipolisoma faili halikuwa na neno hata moja kuhusu ile chupa. Hakuna aliyejua ni mti gani, alikunywa kiasi gani, saa ngapi. Ushahidi wenyewe umeshamwagwa. Na mwanafunzi wangu aliponiuliza, "Mwalimu, nilitakiwa nifanyeje?", sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002 na ina Baraza linalosajili waganga. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Azimio la kimataifa la Alma-Ata la 1978 liliwataja waganga wa jadi katika afya ya msingi. Na bado muuguzi, ambaye ndiye anayekesha na mgonjwa wodini, darasani analisikia jambo hili kwa kupitia tu, na mazoea ya wodini yanamfundisha kufoka.

Msimamo wangu: lifundishwe kama somo, lipimwe kwenye mtihani wa vitendo. Mnasemaje?

Dokta wa wilaya

Mwalimu, nakuheshimu, lakini napinga. Ukishaingiza kitu kwenye mtaala umekigongea muhuri. Mwananchi hatasikia kwamba "wauguzi wanafundishwa kuuliza kuhusu mitishamba". Atasikia "mitishamba imekubaliwa hospitali".

Mmesahau 2011? Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile na kikombe chake cha dawa ya mti cha shilingi 500. Watu walitoka nchi nzima na nchi jirani, magari foleni kilometa kwa kilometa, viongozi nao wakaenda kunywa. Mimi wakati huo nilikuwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Nilikuwa na mgonjwa, fundi seremala, kinga yake imepanda vizuri, anafanya kazi zake. Akaenda, akarudi, akaniletea chupa ya ARV ikiwa na vidonge vyote ndani. "Dokta, wape wengine, mimi nimepona." Alirudi baada ya miezi, amebebwa. Sikuweza kumwokoa.

Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya tiba mbadala, mimi namkumbuka yule fundi. Tufundishe wauguzi dawa zinazojulikana dozi. Hata hizo hawazimalizi kwa miaka mitatu.

Mama wa watoto wanne

Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Nijibu kwa niaba ya wifi. Amesema "maji tu" kwa sababu anajua akisema ukweli atatukanwa. Mimi mimba ya kwanza nilisema ukweli kliniki kwamba nakula udongo. Nesi akacheka, akamwita mwenzake, wakacheka wote. Mimba tatu zilizofuata, nikiulizwa, nasema sili. Nilikuwa nakula kila siku.

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Shikamooni. Naomba niseme hali yetu ilivyo. Masomo ni mengi, mazoezi ya vitendo tunagombania mgonjwa mmoja wanafunzi sita. Na huduma jumuishi tayari tunaisoma! Tunakariri kwamba binadamu ana mwili, akili, jamii na roho. Halafu wodini tunaandika mpango wa huduma. Kipengele cha mahitaji ya kiroho, nimeangalia mafaili ya wenzangu wote wa kundi langu, na langu pia: "Hakuna tatizo." Tumenakiliana. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa, kwa sababu hatujui swali lenyewe linaulizwaje. Unamwambiaje mzee wa miaka sabini, umri wa babu yako, "roho yako ikoje"?

Kwa hiyo mwalimu, somo likiongezwa tutalikariri kama hilo, tutafaulu, na chupa itaendelea kumwagwa.

Mleta mada

Mwanafunzi, umenigusa pabaya na umesema kweli. Nitarudi kwako.

Dokta, pole kwa huyo fundi. Ila hebu tutazame kisa chako vizuri. Alipoondoka kwenda Samunge, pale kliniki kuna mtu alimuuliza? Aliyekuwa anampimia uzito kila mwezi alijua kwamba anafunga safari? Hakujua, na si kwamba alizembea. Hakufunzwa kwamba hilo nalo ni swali la kazi yake. Kunyamaza kwetu hakukuzuia watu kwenda. Walikwenda kimya kimya.

Halafu tusidanganyane kwamba miti ni maji. Miaka ya 1960 daktari Mnorwe, Lorents Gran, akiwa Kongo na Msalaba Mwekundu, aliona wajawazito wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili wazae haraka. Ulipochunguzwa maabara ukakutwa na kiini kinachobana mji wa mimba kwelikweli. Leo wanakemia wanakiita kalata B1. Sasa mkunga ambaye hajui kwamba chai inaweza kufanya kazi ya oksitosini, si ndiye huyo ataongeza dripu juu yake? Ya mwanafunzi wangu ilikuwa bahati kwamba dripu haijawekwa. Mama angefika na uchungu uliopoa kidogo, tungemwekea, na tungepasua mji wa mimba kwa mikono yetu.

Na upande wa pili, si kila kisicho kidonge ni ushirikina. Kangaruu, yaani kumbeba kichanga mwenye uzito mdogo kifuani kwa mama, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Wapo walioona ni tiba ya maskini. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mkubwa uliofanyika nchi tano, yetu ikiwamo: watoto wa uzito mdogo wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, dhidi ya asilimia 15.7 kwa waliosubiri hali itulie kwanza. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida imeshaonekana. Ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kujifungua wa 2018, linapendekeza mama awe na mtu wake anayemchagua, na kukandwa au kubandikwa kitu cha uvuguvugu ni kati ya njia za kupunguza maumivu kwa anayezitaka. Bibi zetu walikanda migongo. Sisi tunawafukuza nje ya geti.

Muuguzi wa tiba shufaa, Bukoba

Niongeze kidogo. Mafunzo ya tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, niliyachukua Kampala. Uganda, tangu Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, wanaitoa hadi nyumbani kwa mgonjwa, na tangu 2004 sheria yao inamruhusu muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo kumwandikia mgonjwa dawa hiyo mwenyewe. Kwa hiyo msinihesabu kati ya watu wanaotaka majani badala ya dawa.

Lakini siku ya kwanza darasani hatukufundishwa morfini, tulifundishwa kukaa. Mwalimu alimweka mwenzetu kwenye kiti ajifanye mgonjwa, na mmoja mmoja tunaingia. Kila aliyesimama juu ya mgonjwa huku ameshika faili alirudishwa mlangoni. Mimi nilirudishwa mara nne. Baadaye ndipo tukafundishwa swali: "Katika haya unayopitia, ni kitu gani kinachokupa nguvu?" Mwanafunzi, chukua swali hilo. Sijamkuta mzee aliyelishindwa. Mmoja aliniambia ni mgomba alioupanda marehemu mkewe nyuma ya nyumba. Tukamhamishia kitanda dirishani. Dozi ya morfini ilibaki ileile, ila usingizi aliupata.

Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alianza maisha kama muuguzi kabla ya kuwa daktari. Ndiye aliyesema maumivu ya mgonjwa yana mwili, yana moyo, yana familia, yana roho, yote kwa pamoja. Hayo yanafundishika na yanapimika. Mimi nilipimwa.

Dokta wa wilaya

Nimesoma. La kangaruu sina ubishi, nawasimamia wauguzi wangu waifanye. La kuuliza nalo nakubali, tena nikubali kwa maandishi: sikumuuliza yule fundi.

Ila bado nina hofu mbili. Ya kwanza, nani atafundisha? Msije mkamleta mganga darasani na vibuyu vyake, wanafunzi wakatoka wanauza unga wa mlonge mlangoni mwa wodi. Tayari nawajua wauguzi wanaofanya biashara hiyo ya virutubisho kwa wagonjwa walewale wanaowahudumia, na hilo ni baya kuliko mganga, kwa sababu mgonjwa anaiamini sare. Ya pili, neno "mbadala". Mbadala maana yake acha hiki, chukua kile. Mtoto mwenye malaria kali hana mbadala. Na mwarobaini ambao kila nyumba inausifu, mafuta yake yamewahi kuwaumiza vibaya watoto wadogo walionyweshwa.

Mtoto wa mganga

Mama yangu ni mganga aliyesajiliwa, cheti kipo ukutani. Dokta, vibuyu havina kosa. Mimi nataka kusema moja tu. Mama akipata mtoto mwenye degedege anamwambia mzazi, "Pita hospitali kwanza." Anaandika hata kikaratasi. Hajawahi kurudishiwa kikaratasi hata kimoja. Mzazi mmoja alimwambia kilichanwa mbele yake.

Hapa Tanga kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuna watu wa hospitali waliokaa na waganga, Tanga AIDS Working Group, wakashirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI wakati ARV hazijafika kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo inawezekana. Imeshafanyika.

Mleta mada

Ndugu yangu, mwambie mama nimesoma. Hicho kikaratasi ni barua ya rufaa, na aliyekichana amefanya kosa la kitaaluma.

Dokta, hofu zako zote mbili nazichukua, tena ya biashara ndiyo nataka iandikwe kabisa: muuguzi haagizi mti, hauzi mti, haupendekezi. Anauliza, anaandika, anajua hatari, anatoa taarifa. Na neno "mbadala" tuliache kwenye sheria. Darasani tuseme tiba ya nyongeza, kitu kinachokaa pembeni ya matibabu bila kuyang'oa.

Lakini mwanafunzi ndiye aliyenibadilisha. Nilikuja hapa nikitaka somo jipya. Sasa silitaki. Somo jipya lenye saa zake na mtihani wa kuchagua A, B, C litakuwa "Hakuna tatizo" ya pili. Nataka vitu vitatu viingizwe ndani ya yale yanayofundishwa tayari. Wakati wa kupokea mgonjwa, baada ya "unatumia dawa gani", lifuate swali, "Na za nyumbani je? Nauliza ili tusikupe dawa itakayogombana nazo." Sauti ya chini, pazia limefungwa. Kwenye famakolojia, anapofundishwa oksitosini afundishwe chai ya uchungu hapohapo, na anapofundishwa vidonge vya kuongeza damu afundishwe udongo, maana kula udongo kunahusishwa na upungufu wa damu, na yule dada aliyechekwa alikuwa anatupa taarifa muhimu kuliko zote za siku ile. Na mtihani wa vitendo uwe kama ule wa Kampala: kiti, mgonjwa wa kuigiza ambaye ameficha chupa, na mwanafunzi apate alama pale tu chupa inapotolewa kwa hiari. Akifoka, amefeli.

Hayo hayahitaji kusubiri mtaala. Naanza na darasa langu muhula huu.

Mwanafunzi, mwaka wa pili

Narudi kutoa taarifa. Wiki hii niko kliniki ya wajawazito. Niliandika lile swali kwenye kiganja kwa kalamu kwa sababu naogopa kusahau. Mama wa kwanza akasema hatumii chochote. Wa pili pia. Wa tatu nilifunga pazia, nikavuta kiti, nikakaa. Akaniangalia sana. Kisha akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha pemba, ule udongo wa kula, kimeng'atwa nusu, akakiweka mezani mbele yangu. Akauliza, "Hiki nacho ni dawa za nyumbani?"

Nimekiandika kwenye kadi yake. Damu yake ilikuwa pungufu: 8.6.