MJADALA: Hapa ni mji au kijiji, aseme nani: tangazo la serikali au miraba ya ramani?

Mpimaji

Wakuu, hoja yangu ni hii: kwenye takwimu, nchi ziache kutenga mji na kijiji kwa mipaka ya kiutawala, zitenge kwa ramani. Naeleza sababu, kisha mnipige mawe.

Leo kila nchi ina kipimo chake. Denmark, makazi ya watu 200 yanatosha kuitwa mji, almradi nyumba zisiachane kwa zaidi ya mita 200. Japani, sheria inataka watu 50,000 ndipo mahali papewe hadhi ya jiji. India, sensa inatazama mambo matatu kwa pamoja: watu 5,000, msongamano wa watu 400 kwa kilomita ya mraba, na angalau robo tatu ya wanaume wenye kazi wawe wanafanya kitu kingine kisicho kilimo. Marekani, sensa ya 2020 ilipandisha kiwango kutoka watu 2,500 hadi 5,000, au nyumba 2,000. Anayejumlisha vyote hivi na kutangaza kuwa asilimia fulani ya dunia inaishi mjini amejumlisha pishi na kilo.

Misri ndiyo inayoniudhi zaidi. Kule mji ni mji kwa tamko. Sensa baada ya sensa, sehemu ya wakazi wa mijini inazunguka palepale kwenye asilimia 43 au pungufu kidogo, huku ukitazama picha za delta ya Nile mwaka baada ya mwaka unaona matofali yakila mashamba. Kijiji cha watu makumi ya maelfu kinabaki kijiji kwa sababu hakuna aliyesaini karatasi.

Machi 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia nyingine ya kulinganisha nchi na nchi, iliyoandaliwa na Umoja wa Ulaya, FAO (chakula na kilimo), ILO (kazi), UN-Habitat (makazi), OECD (umoja wa nchi zilizoendelea kiuchumi) na Benki ya Dunia. Dunia inakatwa miraba ya kilomita moja kwa moja. Kila mraba unapewa idadi ya watu. Miraba inayopakana yenye watu 1,500 au zaidi kila mmoja, ikifikisha jumla ya 50,000, ni kitovu cha jiji. Yenye 300 au zaidi, ikifikisha jumla ya 5,000, ni miji midogo na maeneo ya msongamano wa kati. Inayobaki ni vijijini. Hakuna waziri, hakuna mbunge anayetaka kwao papandishwe hadhi kabla ya uchaguzi. Karibuni.

Karani Mstaafu

Mpimaji, umeandika "kila mraba unapewa idadi ya watu" ukapita mbio kama mtu aliyemwona anayemdai. Unapewa na nani?

Setilaiti haijawahi kuhesabu mtu. Inaona paa, na mara nyingine hata paa hailioni. Watu tuliwahesabu sisi, kwa miguu, na ramani ya eneo la kuhesabia mkononi. Sensa moja nilifika kwenye kijito ambacho kwenye ramani yangu ndicho kilikuwa mpaka, nikakuta kimehama. Nyumba tatu zilikuwa katikati ya kijito cha kwenye karatasi na kijito cha maji. Mimi na mwenzangu wa eneo la pili tulibishana mpaka mwenye nyumba mojawapo akatuletea viti.

Hesabu zile zikajumlishwa hadi ngazi ya kata. Wenye modeli, yaani wanaokadiria kwa kompyuta, wakachukua jumla ya kata, wakaigawa kwenye miraba kwa kufuata majengo yanapoonekana. Sasa ukinijia na ramani eti inathibitisha kwamba watu wamesongamana penye majengo, nitacheka. Hicho ndicho ulichokitia chunguni mwenyewe, unashangaa nini ukikipakua?

Bi Gridi

Shikamoo Karani. Uko sahihi, na hali ni mbaya kuliko ulivyosema, kwa sababu njia za kugawa ni zaidi ya moja na kila moja ina mji wake.

WorldPop, mradi wa ramani za idadi ya watu wa Chuo Kikuu cha Southampton, kwa mfano, ina ramani za aina mbili. Aina ya kwanza inasambaza watu kila mahali penye ardhi, penye kuelekea kukaliwa pakipata zaidi. Aina ya pili inawaweka kwenye miraba yenye majengo tu. Tuchukue kata ya kufikirika: kilomita za mraba 60, watu 9,000, kituo kimoja cha biashara na pori kubwa. Ukiwasambaza karibu sawa, kila kilomita inapata watu 150. Hakuna mraba unaofika 300, kata nzima ni kijiji. Ukiwaweka penye majengo tu, na setilaiti ikawa imeona mabati ya pale kituoni kwenye miraba minne, kila mmoja unapata watu 2,250. Hapo umepata mji mdogo wa watu 9,000. Watu ni walewale, sensa ni ileile.

Na swali la jengo lipi limeonekana si dogo. Pikseli moja, yaani kidoa kimoja cha picha, ya setilaiti za Landsat ni mita 30 kwa 30. Nyumba ya udongo yenye paa la nyasi humo ndani ina rangi ya shamba lililo ubavuni mwake, inapotea. Setilaiti za Sentinel-2 zimeshuka hadi mita 10, nafuu ipo. Rada nayo inasaidia, kwa kuwa mawimbi yakigonga ardhi kisha ukuta yanarudi kwa nguvu, ila miamba na miteremko mikali nayo inarudisha kwa nguvu, na mlima ukahesabiwa mtaa. Taa za usiku ndizo sizipendi kabisa kwa kazi hii: moto wa gesi kwenye visima vya mafuta unang'aa kama jiji, na makazi yaliyobanana bila umeme ni giza tupu.

Bado niko upande wa Mpimaji lakini. Nataka tu tusiuze mbuzi kwenye gunia.

Sina Kwao

Kwa hiyo naweza kulala kijijini nikaamka mjini bila kuhama? Kodi ya ardhi inaanza lini, nijue kama nihame kweli.

Mpimaji

Sina Kwao, ndiyo maana nilisema *kwenye takwimu*. Kodi ina sheria zake.

Karani, nakubali miraba inarithi makosa ya sensa. Ila mpaka wa kiutawala nao unarithi makosa hayohayo, halafu unaongeza siasa juu yake. Kosa la miraba linaweza kufuatiliwa: kanuni iko wazi, data iko wazi, yeyote mwenye kompyuta anarudia hesabu yangu na kunionyesha nilipoteleza. Tangazo la serikali utalirudiaje?

Tazama Umoja wa Mataifa wenyewe. Toleo la 2018 la makadirio yao ya wakazi wa mijini, lililotegemea tafsiri za kila nchi, liliiweka Tokyo kileleni mwa majiji ya dunia kwa watu milioni 37, na Jakarta ikawa na kama milioni 10, kwa sababu walihesabu walioko ndani ya mpaka wa kiutawala. Toleo la 2025 limetumia miraba: Jakarta iko juu kwa karibu milioni 42, Dhaka inafuata, Tokyo imeshuka hadi ya tatu. Mamilioni yale hayakuzaliwa ndani ya miaka saba. Walikuwapo, wamepanga nyumba ng'ambo ya mstari.

Ndoana

Mkuu, kurudia kosa si kulisahihisha. Mimi nachora ramani kwa siku nzima, nikuonyeshe jambo moja dogo.

Chukua makazi ya watu 5,200, yamekaa pamoja, mtu akipika huku anasikika kule. Yakiangukia yote ndani ya mraba mmoja, yamevuka 300, yamevuka 5,000, ni mji. Sasa usogeze mstari wa gridi, yaani wavu wa miraba hiyo, kidogo tu, ukate pembe ya makazi hayo ili watu 250 waangukie mraba wa jirani ambao vinginevyo ni mtupu. Mraba wa jirani haufiki 300, unatupwa. Uliobaki una 4,950, haufiki 5,000, nao si mji tena. Makazi yote yamerudi kijijini, na hakuna aliyebeba hata kiti.

Na mstari wa gridi uliwekwa pale na nani? Hakuna. Ulianzia tu mahali ramani ilipoanzia. Mbunge angalau namjua jina.

Kuna jingine. Kwa kitovu cha jiji, miraba inayogusana kwa pembe tu haihesabiwi kuwa inapakana. Lazima igusane ubavu. Kwa miji midogo, pembe inatosha. Sipingi, kuna sababu, bila hivyo majiji yangeunganishwa na vijia vyembamba kama shanga. Ila usiniambie hapa hakuna mtu aliyeamua. Aliyeamua yupo, ameketi kwenye kanuni badala ya kuketi bungeni.

Jembe

Nyote mnaongea kama msongamano ndio mji. Naomba tupige hesabu kwa vidole.

Kilomita ya mraba ni hekta 100. Watu 300, tukisema kaya ina watu watano, ni kaya 60. Kila kaya ina zaidi ya hekta moja na nusu. Hapo unalima, unafuga, na njia ya mifugo inabaki. Mnasema huu ni mraba wa mji?

Jibu lenu najua: mpaka miraba ya namna hiyo iungane ifikishe 5,000. Penye rutuba inaungana, tena kwa mamia. Java, Bangladesh, delta ya Nile hiyohiyo ya Mpimaji, kilimo chenyewe kimebanana kuliko vitongoji vya majiji mengi ya matajiri. Mwanajiografia Terry McGee alipoyakuta maeneo ya hivi Asia aliyaita *desakota*, kwa maneno ya Kiindonesia: desa ni kijiji, kota ni mji. Hakutaka kuyalazimisha kwenye chungu kimoja.

Ugomvi wenyewe ulishatokea. Mwaka 2018 watafiti wa Tume ya Ulaya, kwa kiwango hicho cha 300, walitoka na jibu kuwa zaidi ya asilimia 80 ya dunia inaishi mijini, wakati hesabu zilizotegemea tafsiri za nchi zilisema 55. Shlomo Angel na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York wakapinga, kwamba kiwango hicho kinameza mashamba. Sasa wenye miraba wamelainisha, wanatoa makundi matatu: toleo la 2025 la Umoja wa Mataifa linasema asilimia 45 majiji, 36 miji midogo na msongamano wa kati, 19 vijijini. Hilo kundi la katikati ndilo kapu walimotupwa wakulima wangu.

India walikuwa na akili kuuliza watu wanafanya kazi gani. Waliwasahau wanawake, hiyo ni aibu nyingine, lakini swali lenyewe ni la maana.

Bi Gridi

Jembe, la kazi ni zuri ila huwezi kuliona angani, na sensa huja mara moja kwa miaka kumi. Halafu mtu anayelima asubuhi na kuendesha pikipiki jioni utamwandika wapi?

Mwanamipango

Nyie mnabishana jina, sisi jina linatugharimu. Mfano mmoja. Kati ya malengo ya maendeleo endelevu kuna kiashiria 9.1.1: sehemu ya watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Badilisha tafsiri ya kijiji, ondoa makazi makubwa yaliyo kando ya barabara uyaite miji, na watakaobaki vijijini ni wale walioko mbali. Asilimia inashuka usiku mmoja na hakuna daraja lililobomoka. Ukigeuza upande wa pili, inapanda na hakuna kifusi kilichomwagwa. Nimewahi kuombwa nieleze "mafanikio" ya namna hiyo mbele ya kikao. Nilieleza ukweli, sikualikwa tena.

Tafsiri yoyote mtakayochagua, hesabu za nyuma zirudiwe kwa tafsiri hiyohiyo. Picha za Landsat zipo tangu 1972, kisingizio hakuna.

Mpimaji

Basi nairekebisha hoja, siifuti. Miraba isikae badala ya sheria, ikae kando yake, na iende kwa watu ikiwa na idadi zenyewe, si rangi tatu tu. Ndoana akitaka kusogeza gridi asogeze, Jembe akitaka kiwango kiwe 1,000 akiweke, tuone mji unabaki wapi na unayeyuka wapi. Mahali panapobaki mji kila ukisogeza, hapo sina ugomvi na mtu. Panaporukaruka, pasiwekewe fedha kwa kufuata jina, pawekewe kwa kufuata idadi ya watu na umbali wao hadi kwenye huduma.

Karani Mstaafu

Hiyo naweza kuisaini, kwa sharti moja: chini ya kila ramani pachapwe sensa ya mwaka gani ndiyo iliyogawiwa, na iligawiwa kutoka ngazi ipi. Nimeona ramani yenye tarehe ya mwaka huu, ndani yake kuna watu niliowahesabu nikiwa bado na nywele nyeusi.

Na ule mraba wa Ndoana wenye watu 250, kabla hujautupa, niambie walihesabiwa au walikadiriwa.