Bwawa la kujaza upepo nyumbani Dodoma: jiki, unga wa klorini, vidonge, au kumwaga maji kila siku?

BabaWatatu_Nkuhungu (mwanzisha mada)

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Nimewanunulia watoto bwawa la plastiki la kujaza upepo lenye kipenyo cha mita 2.44, ambalo nikilijaza hadi kina cha nusu mita linabeba lita 2,300 hivi. Maji ninayapata kwa mgao na kuyahifadhi kwenye simtanki, kwa hiyo kuyamwaga kila jioni ni jambo ambalo dhamiri hainiruhusu, na mfuko nao hauniruhusu pale ninapolazimika kuita boza. Siku ya kwanza maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba niliuona mshono wa sakafu ya bwawa tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya tatu nilipopitisha kiganja kwenye ukuta wa ndani kiliteleza kama kimepakwa mlenda, na siku ya nne maji yote yalikuwa ya kijani.

Dukani nimeonyeshwa jiki, unga wa klorini na vidonge vikubwa vya mabwawa, na jirani ananishauri niachane na dawa zote, nimwage na kujaza upya. Naomba mnisaidie kulinganisha njia hizi kwa kuzingatia maji yetu ya visima na jua letu, kwa sababu maelekezo yaliyoandikwa kwenye makopo hayakuandikwa kwa ajili ya Dodoma.

Mtunza_Mabwawa

Ndugu BabaWatatu, nimetunza bwawa la nyumba ya wageni hapa mjini kwa miaka kadhaa, na nyumbani ninalo dogo kama lako. Tuanze na jua, maana ndilo linalokuibia. Klorini isiyo na kinga, iwe ya jiki au ya unga, jua kali la mchana linaweza kuipunguza kwa nusu ndani ya muda usiofika saa moja. Ukiweka dawa saa nne asubuhi, watoto wanaoingia saa nane wanaogelea kwenye maji yasiyo na ulinzi wowote, na wewe unaamini umeshatimiza wajibu wako. Weka dawa jioni jua likishazama, ifanye kazi usiku kucha chini ya turubai, kisha pima asubuhi kabla mtoto hajagusa maji. Kiwango kinachotakiwa ni miligramu 1 hadi 3 za klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, kwa lita.

Kwa lita zako 2,300, ukitaka kuongeza miligramu 2 kwa lita unahitaji gramu 4.6 za klorini. Jiki ya asilimia 3.5 inakupa kiasi hicho kwa mililita 130 hivi, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kikombe cha chai. Soma asilimia kwenye chupa, na usinunue yenye manukato wala ile nzito inayong'ang'ania chooni. Angalia pia tarehe, kwa kuwa jiki iliyokaa dukani kwenye joto hupungua nguvu mwezi hadi mwezi.

Unga wa klorini wa asilimia 65 utahitaji gramu 7 tu, nao ni rahisi kuutunza, lakini kwa bwawa la plastiki na kwa maji yetu siupendekezi. Mimi mwenyewe niliwahi kuumwaga moja kwa moja majini, chembe zikatua sakafuni, na asubuhi nikakuta madoadoa meupe yenye ukubwa wa punje za mahindi. Mwezi mmoja baadaye bwawa lilianza kuvuja palepale. Ukilazimika kuutumia, jaza ndoo maji kwanza, tia unga ndani ya maji (kamwe usimwagie maji juu ya unga), koroga, acha utulie, kisha tumia maji ya juu na uache masimbi chini. Zaidi ya hayo, unga huo ni wa kalisi (kalsiamu): kila miligramu 10 za klorini unazoongeza kwa njia hiyo huongeza ugumu wa maji, yaani madini yanayoacha gamba, kwa miligramu 7 hivi, na sisi ugumu tunao wa kutosha.

Vidonge vikubwa nitamwachia Mwalimu avieleze, ila nawaomba sana: msichanganye vidonge hivyo na unga wa klorini katika chombo kimoja, hata kama ni kijiko kilichobaki na vumbi la kingine. Vikikutana vinaweza kuwaka moto au kulipuka.

Mwalimu_Kemia_Singida

Ninakubaliana na ndugu Mtunza kuhusu jua, lakini kuna mwizi wa pili ambaye hamjamtaja, naye ni pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Klorini ikiingia majini hugawanyika katika sura mbili, na inayoua vijidudu kwa nguvu ni asidi ya haipoklorasi. Maji yakiwa na pH 7.2, karibu theluthi mbili za klorini huwa katika sura hiyo, kwenye 7.5 ni nusu hivi. Kwenye 8 inabaki robo tu. Maji ya visima vya kanda yetu, yakiwemo yale ya Mzakwe yanayolisha jiji la Dodoma, yamebeba madini, na yeyote mwenye birika la umeme analijua lile gamba jeupe linalobaki chini. Maji ya namna hiyo yakikaa wazi na kuchezewa hupoteza hewa ya ukaa, na pH yake hupanda yenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuongeza jiki kila siku na bado akapata utelezi.

Nunua vipande vya kupimia vinavyoonyesha klorini huru, pH na ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isibadilike ovyo). Lenga pH ya 7.2 hadi 7.6. Ikizidi 7.8, tumia asidi ya mabwawa ya unga, au asidi ya haidrokloriki isiyochanganywa na sabuni. Kama ni haidrokloriki ya asilimia 30 hivi, anza na mililita 30 tu kwa bwawa lako: vaa glavu na miwani, itie kwenye ndoo iliyojaa maji, mimina polepole watoto wakiwa mbali, na upime tena baada ya saa chache. Iwe ni wakati tofauti kabisa na ule wa kuweka klorini, kwa sababu jiki ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu. Wapo wanaoshauri ndimu au siki. Vitu hivyo vinaweza kula klorini yenyewe, basi unakuwa umejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Kuhusu vidonge vikubwa, vina klorini ya asilimia 90 na asidi ya sianuriki, ambayo huikinga klorini dhidi ya jua. Kinga hiyo inasaidia, na kiwango cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinatosha. Tatizo ni kwamba klorini hutumika ikaisha lakini sianuriki hubaki. Kidonge kimoja cha gramu 200 kikiyeyuka chote katika lita 2,300 huacha miligramu 47 hivi za sianuriki kwa kila lita, yaani kidonge kimoja tu kimekufikisha kwenye kikomo. Cha pili kitaifanya klorini izubae, na hakuna dawa ya kawaida ya kuiondoa zaidi ya kumwaga maji. Kwa hiyo ushauri wangu ni vidonge vidogo vya gramu 20, kimoja kimoja ndani ya kielea (kikopo kinachoelea majini), hadi ufike sianuriki ya 30, kisha uhamie kwenye jiki peke yake, ukihakikisha klorini haishuki chini ya miligramu 2. Kidonge kisiachwe kimelala juu ya plastiki.

Mama_Kisasa

Shikamoo Mwalimu, na asante kwa darasa. Mimi nina bwawa dogo la watoto wa chini ya miaka mitano, lita 450 tu na halina pampu. Kwa bwawa la namna hiyo naona ubishi haupo: maji yamwagwe siku hiyohiyo, bwawa lisuguliwe na kuanikwa juani. Mtoto mdogo hukojoa majini hata umsihi vipi, na mkojo ukikutana na klorini ndipo hutokea ile harufu kali inayowasha macho ambayo wengi hudhani ni dalili ya dawa kuzidi. Nilijaribu pia kusafisha maji kwa mbegu za mlonge kama tulivyofanya kijijini. Tope lilitua vizuri, lakini kesho yake maji yalinuka.

Jambo moja nawasihi wazazi wenzangu: mtoto aliyeharisha asiingie, hata kwenye bwawa lililotiwa dawa. Kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu ambacho huishi siku nyingi katika maji yenye klorini ya kawaida. Mtoto akijisaidia bwawani, maji yote yamwagwe.

Kijana_wa_Manyoni

Naomba kuuliza: fundi mmoja ameniambia mrututu unamaliza kijani mara moja, tena kwa bei ndogo. Je, ni salama?

Mtunza_Mabwawa

Mdogo wangu, mrututu ni chumvi ya shaba. Utapunguza mwani, lakini hautakulinda na bakteria kama klorini inavyofanya, na ukizidi huacha madoa na kuzipa nywele zenye rangi hafifu rangi ya kijani. Kinachomaliza mwani ni kusugua kuta kwa brashi laini na kutoiacha klorini iishe hata siku moja. Kwa lita 2,300, pampu yenye chujio ya lita 1,200 hivi kwa saa inayapitisha maji yote kwa saa mbili. Iwashe kwa muda wa saa nne kila siku, na chujio lisuuzwe kila jioni wakati wa upepo wa Julai na Agosti, maana vumbi hilo jekundu hula klorini na kuziba karatasi ya chujio.

Mkulima_Hombolo

Wadau, naongezea kuhusu kumwaga. Acha maji wazi juani siku moja au mbili bila dawa, pima hadi klorini isomeke sifuri, kisha mwagilia mwarobaini au miti mingine ya kivuli. Mzabibu usiupe, kwani hauvumilii chumvi, na jiki huacha chumvi majini kila unapoitia. Hewa yetu kavu nayo hunyonya maji na kuacha madini: kwa bwawa la BabaWatatu, kila milimita 5 zinazopotea ni zaidi ya lita 20, na unapojazia kwa maji ya kisima unaongeza madini mapya juu ya yale ya zamani. Turubai la usiku na la mchana wa kazi linaokoa maji kuliko dawa yoyote.

BabaWatatu_Nkuhungu

Nawashukuru nyote. Leo asubuhi nimepima kwa mara ya kwanza: klorini sifuri, pH 8.2. Nimesugua kuta, nimeweka asidi mara mbili kwa kuachanisha saa nne, na saa kumi na moja jioni kipande cha kupimia kilisoma 7.6. Saa moja usiku nimetia mililita 130 za jiki na kufunika turubai. Watoto nimewaambia wasubiri hadi nipime kesho, na kama maji hayatakuwa maangavu baada ya siku tatu, nitayapeleka kwenye miarobaini ya uani na kuanza upya.