Kompyuta nzima zilizokataliwa na Windows 11: tuhamie Linux, tununue nyingine au tukaze hivyo hivyo?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Windows 10 ilifungiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, yaani masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma. Sasa chukua kompyuta ya mwaka 2016: Core i5 kizazi cha sita, RAM GB 8, diski ya kasi ya SSD ipo, inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Windows 11 inaomba RAM GB 4 tu, kwa hiyo hapo imefaulu mara mbili. Inapoanguka ni kwenye prosesa: kwa Intel, orodha rasmi inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kizazi cha saba. Tena lazima iwe na TPM 2.0, ile chipu inayotunza funguo za usalama. Mashine haiumwi popote, imestaafishwa tu.

Mtu wa nyumbani afanyeje? Nasema wa nyumbani, siyo fundi: anafungua kivinjari, anaangalia video, anaandika barua, anachapisha, anatunza picha za familia. Msimamo wangu: ahamie Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, na anayemshauri anunue nyingine anamtia hasara. Nawasilisha.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono. Watu bado wanadhani Linux ni kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Fungua Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, uone: menyu ipo chini kushoto, saa kulia, aliyetoka Windows hapotei. Ni bure, na toleo moja linapata masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Halafu unaionja kwanza. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, unazunguka humo utakavyo na diski yako haijaguswa. Ukikerwa unachomoa. Na virusi utavisahau.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, kwenye virusi umeteleza. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya XZ, zana ya kubana faili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyeugundua, Andres Freund, alishtushwa na ucheleweshaji wa kama nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali nayo. Nusu sekunde! Bahati ulikamatwa kabla haujasambaa. Na WannaCry ya Mei 2017, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, iliwapiga wengi ambao kiraka cha Windows yao kilikuwa kimetoka tangu Machi, hawakukiweka. Asiyesasisha hana pa kujificha, awe huku au kule.

Ila ugomvi wangu na mwanzisha mada uko kwingine. Mimi nilimhamisha mama yangu. Wiki ya kwanza amani tupu. Wiki ya pili simu ikaita: katibu wa kikundi chao kamtumia fomu yenye jedwali la safu sita, kaifungua kwa programu mbadala ya ofisi, safu ya mwisho imerukia ukurasa wa pili. Mama hajui fonti ni mdudu gani. Anachojua ni kwamba katibu ataona fomu imevurugika na atasema yeye ndiye kaivuruga. Tukakaa kwenye simu saa nzima. "Mama, bonyeza pale juu kulia." "Kulia kwangu au kwako?"

Office ya Microsoft haina toleo la kusakinisha kwenye Linux. Ya kwenye kivinjari ipo, na ndiyo iliyotuokoa, lakini ilinibidi nimfundishe upya faili zinakaa wapi. Kwa hiyo mkiandika hilo neno "bure", mjumlishe na muda wa atakayepigiwa simu.

Mchangiaji wa nne

Chukueni Mac, mlale.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu, macOS, mfumo wa Mac, imetengenezwa kwa mashine za Apple tu, na wao pia wanastaafisha: macOS Tahoe, ya mwaka 2025, ndiyo ya mwisho kuzikubali Mac zenye prosesa za Intel. Mtu anauliza aifanyeje kompyuta aliyonayo, wewe unampeleka dukani.

Mchangiaji wa tano

Mnahangaika bure. Rufus, programu ya kuandaa flashi za kusakinishia, inakutengenezea flashi inayoruka ukaguzi wa TPM. Unapiga Windows 11 kwa lazima, maisha yanaendelea.

Mchangiaji wa pili

Yanaendelea mpaka lini? Microsoft wameshasema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho, na toleo la 24H2 la Windows 11 limezigomea kabisa prosesa za zamani sana, ujanja haufui dafu. Umekimbia Windows 10 kwa kuogopa kukosa masasisho, uje uyakose kwenye 11? Kama huwezi kuachana na Windows, heri ule mpango wa masasisho ya nyongeza ya Windows 10, uliotangazwa kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote. Mchangiaji wa tatu kanibana na nakiri: niliihesabu kompyuta, nikamsahau mwenye kompyuta. Nalegeza msimamo, siuachi wote. Anayeishi ndani ya kivinjari ahame, tena asingoje. Anayepokea fomu za Word na kuzirudisha kila wiki achukue masasisho ya nyongeza kwanza, ajipange taratibu. Wacheza magemu nao wasiende kwa pupa: tangu kampuni ya magemu ya Valve ilipotoa Proton, programu ya kuendeshea magemu ya Windows kwenye Linux, mwaka 2018, magemu mengi ya Windows yanakubali kwenye Linux, ila baadhi ya yale ya kushindana mtandaoni, yenye kinga dhidi ya wadanganyifu, hukataa kabisa.

Na jana usiku nikaona aibu kuhubiri nisichokifanya, nikachomeka flashi kwenye mashine yangu ya zamani. Wi-Fi ikashika, sauti ikatoka, printa ikatema ukurasa wa majaribio kabla sijagusa mipangilio. Skana iliyomo ndani ya printa hiyo hiyo ndiyo imenigomea: kwenye orodha inaonekana, nikibonyeza inakaa kimya kama haijasikia. Anayezijua skana aje, sijalala bado.