"Meli? Labda ya karatasi." Huyu mzee wa fursa leo amevuka mpaka

Mwalo_Kwetu (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka ukumbini sasa hivi na damu bado inachemka.

Yule mtu mnamjua, msijifanye hamumjui. Yule wa tai nyekundu, anayefika saa tano kwenye shughuli ya saa mbili, tukaambiwa tusimame tumpigie makofi. Akizindua kisima atasema fursa. Akienda msibani atawaambia wafiwa kuna fursa. Huyo huyo.

Sasa leo kasimama mbele ya vijana wetu, binti kamweleza ndoto yake, naye kamjibu: "Meli? Labda ya karatasi." Halafu akacheka. Kwenye maiki!

Ngoja niwaeleze. Kata yetu iko ziwani. Vijana wakimaliza form four hapa, kazi yao inakuwa kukaa mwaloni kuhesabu mitumbwi ya watu. Tukasema hapana. Msikiti ukatoa chumba cha jioni, parokia ikabeba umeme wa luku, sekondari ikatuazima madawati, mafundi wa boti wakakubali kuchukua vijana wajifunze kazi bila kulipishwa. Hakuna mfadhili aliyekuja na gari. Dada yetu wa maendeleo ya jamii wa kata anakuja kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe, anawafundisha kuandika katiba ya kikundi waombe ile mikopo ya asilimia 10. Si mnaijua? Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, riba hakuna. Iliposimamishwa Aprili 2023 kila mtu alisema hawa watoto watatawanyika. Hawakutawanyika. Iliporudi 2024 walikuwa na katiba, muhtasari na akaunti ya benki, vyote tayari.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuwakutanisha na "wadau". Maji ya chupa yalikuwa mengi kuliko ziwa lenyewe. Bango limeandikwa OTA NDOTO KUBWA kwa herufi ambazo rubani angezisoma akiwa juu ya mawingu. Na huyo bwana kakaa chini ya bango hilo hilo!

Binti kasimama. Ni yule aliyefungua mashine ya boti ya HP 15 ambayo mafundi wawili walishasema ni chuma chakavu, na leo inavua dagaa kila usiku wa giza. Kasema kwa sauti ndogo, mikono nyuma: "Shikamooni. Mimi nataka kuwa mhandisi wa meli. Nianze chuo cha ufundi VETA, halafu niende Chuo cha Bahari Dar es Salaam."

Wakuu, yule mtoto alikuwa na mpango! Anajua mpaka njia ya kupita! Wangapi wetu tulijua hivyo tukiwa na miaka yake?

Mtu mzima kavuta maiki: "Meli? Labda ya karatasi."

Akacheka. Meza kuu ikacheka kwa sababu bosi kacheka. MC akacheka kwa sababu ndiyo kazi yake. Kisha binti akaambiwa "tafuta fursa ya kusuka, wateja wapo."

Meli ya karatasi! Pale Mwanza, ziwa hili hili, imeundwa meli ya abiria 1,200 na mizigo tani 400, ikashushwa majini Februari 2023. Iliundwa kwa karatasi? MV Victoria na MV Butiama zilikarabatiwa zikarudi kazini 2020. Zilibandikwa na gundi? Huyu mtu si alikuwa anatuma picha zake akiwa na kofia ngumu, kanyoosha kidole kwenye chuma asichokijua?

Binti hajalia. Angelia ningepumua kidogo. Kakaa chini, kakunja karatasi aliyoandika maneno yake, kaiweka mfukoni. Kazi ya miezi yote ya kumwambia mtoto "inawezekana" imefutwa na sentensi moja ya mtu aliyelipwa posho kuja kuisema.

Kwenye maiki, wakuu. Kwenye maiki!

---

Kiberiti_Kimoja
Mkuu punguza povu, simu itaingia maji.

Nyanda_wa_Ziwani
Huyo! Kwetu alikuja mahafali ya form four, kijana kasema anataka urubani, akajibiwa aanze na bodaboda "maana nazo zinapaa". Tulipiga makofi kama mazuzu.

TZ_Mkweli
Uzi bila picha. Chai.

Mwalo_Kwetu
@TZ_Mkweli chai ya nani? Watu ukumbi mzima wamesikia! Kavuta maiki kabisa, angeweza kumnong'oneza jirani yake lakini hapana, kavuta MAIKI.

TZ_Mkweli
Sasa wewe ulikuwa wapi alipocheka, mpaka uje kutulilia huku? Si ungesimama palepale? Jasiri wa kibodi.

Mwalo_Kwetu
Nilisimama. MC kasema "muda hauturuhusu", wakati mgeni rasmi huyo huyo kachelewa masaa matatu. Muda wa kucheka ulikuwepo, muda wa kujibu haukuwepo.

Mama_Dagaa
Bora nyie mmechekwa siku moja mkaenda nyumbani. Sisi kikundi chetu tunazungushwa tu. Leo leteni muhtasari wa mtaa, kesho wa kata, keshokutwa mhuri umefifia. Tumetoa kopi mpaka mwenye stesheneri amejenga.

Fulana_XL
Mbona hamuongelei fulana? Kongamano la kwetu tulipewa fulana imeandikwa KIJANA NI LEO. Nikafua mara moja, ikabaki KIJANA. Ukubwa nao wa mtoto wa chekechea. Bajeti ya hizo fulana nani aliila?

Kiberiti_Kimoja
@Fulana_XL bora wewe ilibaki KIJANA, yangu ilibaki kola.

PwaniNiKwetu
Poleni majirani. Huku Mombasa nasi tuna wetu, wanakuja na miavuli na ngoma za kukodi. Hazina ya Vijana, mfuko wa serikali wa mikopo, ilianzishwa 2006, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Sasa nina mvi na fomu yangu bado "inashughulikiwa". Na basari, ule msaada wa karo, usiniulize. Orodha ikibandikwa, jina la kwanza ni mtoto wa mkubwa, la pili ni binamuye, la tatu ni yule yule wa kwanza kaandikwa kinyumenyume.

Nyanda_wa_Ziwani
Hahaha kinyumenyume! Kumbe ni Afrika Mashariki nzima.

Bint_Sengerema
Mimi nimesoma VETA na nasema hivi kwa roho safi: huyo mdogo wetu asirudi nyuma. Ada ya kutwa kozi ndefu ni 60,000 kwa mwaka, mafundi hao hao wa mwaloni wakichanga wanaimaliza. Tulikuwa wasichana wawili tu darasani, uchomeleaji. Nilichekwa sana. Leo geti la aliyenicheka nimelichomelea mimi, na nilimtoza bei kamili.

Mwalo_Kwetu
@Bint_Sengerema Mungu akubariki dada. Nitamsomea maneno haya kesho jioni. Ndiyo maana naumia: watu kama wewe hawakuitwa meza kuu, kaitwa yule!

Kaka_Fundi
Jamani na vijana nao tuseme ukweli. Kuna kikundi hapa jirani kilipewa mkopo wa asilimia 10 wafuge kuku. Marejesho ya kwanza hayajafika, kuku wameisha. Waliliwa. CAG, mkaguzi wa hesabu za serikali, akiandika fedha hazirudi mnanuna, mnasema vijana wanaonewa.

Mama_Dagaa
@Kaka_Fundi hawakuliwa! Walikufa kwa ugonjwa wa mdondo, wote ndani ya wiki moja. Usiseme usichokijua.

Kaka_Fundi
Na wewe ulijuaje ni mdondo? Ulikuwepo? Au ndiyo wewe mweka hazina?

Mama_Dagaa
Mweka hazina ni mume wangu, na hajala hata paja.

Kiberiti_Kimoja
Wakuu nimeleta kiti changu, nimekaa paleee.

Mwalo_Kwetu
Jamani turudi kwenye mada. Huyu mtu anaitwa tena wiki ijayo kata ya jirani, mada yake ni "kuwajengea vijana uthubutu". Tunafanyaje? Nataka tuandike barua ya kata nzima, msikiti na parokia wasaini pamoja.

Dr_Mifugo_wa_Kata
Mdondo unakingika jamani. Chanjo ni tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu, kuku wote siku moja, wakubwa kwa vifaranga. Tatizo vikundi vinapewa hela ya banda na kuku, hela ya chanjo hakuna anayeikumbuka kwenye andiko. Nimeshalisema hili kwenye kikao cha kata mpaka nimechoka.

Mama_Dagaa
@Dr_Mifugo_wa_Kata asante baba! Umesikia @Kaka_Fundi? MDONDO.

Kaka_Fundi
Nimesikia. Ila nasikia walionekana na supu.

Fulana_XL
Daktari, hiyo chanjo inakaa nje ya friji? Kwetu umeme wa kubahatisha.

Dr_Mifugo_wa_Kata
Iweke mahali pa baridi, kichupa kikishachanganywa tumia siku hiyo hiyo. Nunueni pamoja majirani, kichupa kimoja kinatosha kuku wengi.

PwaniNiKwetu
Na bata je, daktari? Wangu wamezubaa tangu juzi.

Nyanda_wa_Ziwani
Bata wa Mombasa wana mawazo ya basari.

Dr_Mifugo_wa_Kata
@PwaniNiKwetu kinyesi chao ni cha rangi gani?