Filamu ya tuzo 11 ambayo hadithi yake inavuja

Mkazi wa Mikindani: Ndugu zangu, habari za jioni. Jana nimeitazama tena Titanic, filamu iliyowania Oscar katika vipengele 14 mwaka 1998 ikachukua 11, na nimekwama palepale nilipokwama nikiwa kijana. Bibi kizee Rose ndiye msimulizi, nasi tunaoneshwa anayoyakumbuka. Sasa wale walinzi wawili wanaopiga soga juu ya mlingoti kabla ya kuuona mlima wa barafu, ilhali yeye yuko chini sitahani na mpenzi wake, maneno yao aliyapata wapi? Majaji hawakuliona hilo, au mimi ndiye mkorofi?

Fundi Ligula: Huenda waliliona, kaka. Katika vipengele vile 14, muswada, yaani maandishi ya hadithi ya filamu, haumo. Utaratibu wao ni kwamba waandishi hupendekeza miswada na wapiga picha hupendekeza kazi za wapiga picha wenzao, lakini filamu bora huchaguliwa kwa kura za wanachama wote, kwa hiyo picha, sauti na mavazi huweza kuibeba filamu hadi kileleni huku wenye fani ya kuandika wamenyamaza. Hata Avatar, ya mwongozaji huyohuyo, iliwania vipengele 9 mwaka 2010 bila muswada.

Binti Nachingwea: Kwa heshima, natofautiana nanyi. La mlingoti ni dogo. Bibi yangu alipotuhadithia habari za sungura na fisi, hakuna aliyemuuliza amejuaje mawazo ya fisi. Kinachoniudhi mimi ni kile kito cha thamani katika filamu. Watu wamekitafuta miaka mitatu, Rose anacho muda wote, kisha usiku anakidondosha baharini peke yake, na wale watafutaji tulioanza nao safari wanaachwa hawana habari.

Mzee wa Chikongola: Wanangu, kwenye banda letu la video mfasiri alipofika pale mlingotini alipunguza sauti ya filamu akasema, “Haya Rose alikuja kusimuliwa na mlinzi mmoja aliyeokoka.” Tukaridhika. Na kweli, katika ajali yenyewe ya 1912 walinzi wale wawili, Fleet na Lee, waliokoka wote.

Mkazi wa Mikindani: Shikamoo mzee. Basi mfasiri wenu aliziba kwa sentensi moja tundu ambalo mwandishi aliliacha kwa zaidi ya saa tatu. Na kuhusu kito alisemaje?

Mzee wa Chikongola: Marahaba. Hapo hatukufika, muda wa mpira ulikuwa umewadia, akabadilisha.